Kuweka mfumo wa kufyonza vumbi wa nyumba nzima: mwongozo kwa anayejenga Dodoma

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu. Mvua zikishakatika mwezi wa nne au wa tano, hazirudi mpaka karibu na Desemba, na katikati hapo upepo hautulii. Anayeishi Nzuguni, Iyumbu, Miyuji au mtaa mwingine wowote ambao bado una viwanja vitupu na barabara za udongo anajua maana yake: meza iliyofutwa asubuhi, adhuhuri unaweza kuandika jina juu yake kwa kidole.

Ufagio hauliwezi vumbi la namna hii. Unakusanya mchanga na makombo, lakini ule unga mwembamba mwekundu unainuka, unaelea hewani, kisha unatua tena kwenye pazia, makochi na vitanda. Kupiga deki kunasaidia sakafuni tu. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, ile ya kuburuta, ina nguvu zaidi, ila hewa inayoivuta inaitoa humohumo chumbani, na chujio lake likiwa hafifu au limechoka, chembe zile ndogo kabisa zinatoka nayo. Ndizo zinazoingia mapafuni. Kwenye nyumba yenye mtoto mwenye pumu au mzee anayekohoa usiku, hilo si jambo la kupuuza.

Mfumo wa nyumba nzima unafanya kazi tofauti. Mashine moja kubwa inafungwa stoo au gereji. Kutoka hapo mabomba ya plastiki yanapita darini au ndani ya kuta hadi kwenye matundu machache yenye vifuniko, yaliyo ukutani karibu na usawa wa soketi. Unapotaka kusafisha unachomeka mpira mrefu kwenye tundu la karibu, unaiwasha mashine, vumbi linakwenda hadi kwenye ndoo ya mashine, na hewa inatolewa nje ya nyumba. Hakuna kinachorudi chumbani. Kelele zinabaki stoo, kwa hiyo mtoto aliyelala haamshwi. Kwenye nyumba ya ghorofa hakuna wa kupandisha mashine nzito ngazini.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mashine ya kuburuta. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alianza kusafisha majumba ya London kwa mashine kubwa iliyovutwa na farasi. Ilisimamishwa barabarani, mipira ikapitishwa madirishani. Tangu mwanzo, injini ilikaa nje na uchafu ukatoka nje.

Kabla ya hatua yoyote, niseme nani asihangaike nao. Nyumba ya vyumba viwili vya sakafu ya saruji, isiyo na kapeti wala makochi mengi ya kitambaa, haiuhitaji. Kitambaa chenye unyevu na deki ya kila siku vinatosha. Tena kama madirisha yako hayafungi vizuri, au milango ina upenyo chini ambao unaona mwanga ukipita, anza na hayo. Ziba nyufa, weka mpira chini ya milango ya nje, panda nyasi au mwaga kokoto mbele ya baraza. Kufyonza vumbi huku nyumba inaliingiza kwa kasi ileile ni kupoteza uniti za LUKU.

Hatua ya kwanza: amua nyumba ikiwa bado boma

Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote. Mabomba yanapaswa kupita kabla ya plasta na kabla ya dari, wakati uleule ambao fundi umeme anapitisha mabomba yake. Wakati huo kazi ni nyepesi na haina gharama kubwa. Nyumba ikishapigwa rangi na kuwekwa marumaru, kila tundu ni ukuta wa kupasua upya.

Na kama fedha ya mashine haipo sasa, usiache. Mabomba, nyaya zake ndogo na vibao vya matundu ndiyo sehemu ya bei ndogo. Mashine na mpira ndiyo bei kubwa. Pitisha mabomba sasa, ziba midomo yake vizuri, piga picha kila ukuta kabla ya plasta huku umeshikilia futi ya kupimia ionekane kwenye picha, kisha hamia. Mashine inaweza kuja baada ya mwaka mmoja au mitano.

Aliyekwisha kuhamia naye bado ana njia. Nyumba nyingi za Dodoma ni za chini, zina mabati juu na dari la jipsamu, na kati ya hayo mawili kuna nafasi ya mtu kutambaa. Mabomba yanapita juu ya dari na kushuka ndani ya makabati ya nguo au kwenye kona ya korido, ambako yanafunikwa kwa ubao au jipsamu. Kazi inakuwa ndefu zaidi, lakini inafanyika.

Hatua ya pili: chagua mahali pa mashine

Stoo inayopakana na ukuta wa nje ni mahali pazuri, gereji pia. Usiifunge darini. Chini ya mabati saa nane mchana joto ni kali mno kwa mota, na kumwaga vumbi kwa kupanda ngazi ni kazi ambayo baada ya miezi miwili hakuna atakayeifanya. Mota inahitaji hewa ya kuipoza, kwa hiyo chumba kiwe na tundu la hewa na kisiwe kile ambacho wanapepetea mahindi au kuhifadhi mkaa.

Bomba la kutolea hewa litoke nje kupitia ukutani, mbali na madirisha na mbali na kamba ya kuanikia nguo. Hapa kwetu upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki. Basi ukiweza, bomba litokee upande wa magharibi wa nyumba, hewa ipelekwe mbali badala ya kurudishwa dirishani. Mdomo wake uwe na kifuniko cha mabawa kinachojifunga mashine ikizimwa. Wavu wa mbu usitumie hapo: unaziba kwa nyuzi na mashine inakosa pumzi.

Hatua ya tatu: pima matundu kwa kamba

Mpira wa kufyonzea huwa na urefu wa mita 9 hivi. Wauzaji watakuambia tundu moja linahudumia mita za mraba 60 au 70, na hesabu hiyo si mbaya, lakini haijui milango yako iko wapi. Chukua kamba ya mita 9. Mtu mmoja aishike pale unapofikiria kuweka tundu, wewe tembea na ncha ya pili hadi kwenye kila kona ya kila chumba, ukipita mlangoni kama mpira utakavyopita, ukizunguka mahali ambapo kitanda na makochi yatakaa. Kona isiyofikiwa itabaki chafu kwa miaka yote utakayoishi humo.

Nyumba ya vyumba vitatu na sebule mara nyingi inatosheka na matundu mawili au matatu. Weka koridoni na sebuleni, si ndani ya vyumba. Tundu la koridoni linahudumia vyumba viwili au vitatu kwa pamoja. Usiliweke nyuma ya mlango unaofunguka, wala mahali ambapo kabati la vyombo litahamia siku moja.

Ongeza tundu moja la chini jikoni, lile jembamba lililo usawa wa sakafu chini ya kabati. Unafagia kama kawaida mpaka kwenye mdomo wake, unagusa swichi kwa mguu, uchafu unamezwa, na kizoleo unakisahau. Kwenye nyumba ya marumaru, ambayo ndiyo nyumba nyingi za siku hizi, nadhani hilo litatumika kuliko matundu mengine yote.

Hatua ya nne: mabomba

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bomba la mfumo huu ni la PVC, lenye kuta nyembamba na kipenyo cha nje cha inchi 2. Fundi bomba akiliona atakuambia, "Bosi, hili ni bomba la maji taka tu, dukani yapo, tena bei poa." Mkatalie kwa upole. Elbo za maji taka, yaani viungio vya kona, zinakata kona ghafla, na ndani ya maungio yake mna ngazi ndogo ambako nywele, nyuzi na njiti za kiberiti hunasa. Elbo za mfumo huu zina mkunjo mrefu na ndani ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Agiza mabomba, elbo, tii (viungio vya njia tatu) na gundi yake pamoja na mashine, kwa muuzaji mmoja, ili vipimo visipishane.

Mahali pamoja tu ndipo elbo fupi inapofaa: nyuma ya tundu la ukutani. Inawekwa pale kwa makusudi. Kitu kirefu kama kalamu au pini ya nywele kikimezwa, kinase hapo mlangoni ambako mkono unafika, kisiende kunasa katikati ya ukuta.

Anza kwenye tundu la mbali kabisa, nyoosha bomba kuu kuelekea mashine kwa mstari ulionyooka kadiri inavyowezekana, kisha unganisha matawi. Kila tii ina upande wa mkunjo. Mkunjo huo uelekee mashine, kwa sababu hewa inakwenda huko. Bomba kuu likiwa limelala darini, tawi lisichomoke upande wa chini wake. Lichomoke ubavuni au juu, ndipo literemke kwa elbo. Ukilitoa chini, vumbi linalopita kwenye bomba kuu litadondokea kwenye tawi ambalo halitumiki na kujaa humo.

Kata bomba kwa msumeno wa meno madogo, mkato uwe wima kabisa. Baada ya kukata, chukua kisu au kipande cha msasa na uondoe masalio yote ya plastiki ndani ya mdomo. Pitisha kidole: kikikwaruzwa, bado. Nyuzi moja ya plastiki iliyoachwa hapo inashika unywele mmoja, unywele unashika mwingine, na baada ya muda unakuwa na kizibo ndani ya ukuta. Gundi ipakwe nje ya bomba linaloingia, isipakwe ndani ya kiungio. Ukipaka ndani, bomba linaisukuma mbele inakauka kama tuta. Sukuma, zungusha kidogo, shikilia kwa sekunde chache. Kabla ya gundi, unganisha kila kitu kikavu kwanza na chora alama kwa penseli, maana gundi hii ikishashika haibanduki. Funga mabomba kwenye kenchi kwa vibano, yasining'inie.

Sasa ukuta. Nyumba zetu zinajengwa kwa tofali za saruji za inchi 5 au 6, na mafundi makini hawapendi kuchimba zaidi ya theluthi ya unene wa ukuta. Theluthi ya inchi 6 ni inchi 2. Bomba lenyewe ni inchi 2, na bado linahitaji kufunikwa. Kwa hiyo kuchimba kwa grenda ukuta uliokwisha kujengwa, hasa unaobeba kenchi, sikushauri. Njia nzuri ni mbili. Ya kwanza, mjulishe fundi mapema aache pengo wima kati ya tofali, bomba lisimamishwe humo na kuzungushiwa zege. Ya pili, shusha bomba kwenye kona ya kabati la nguo la ukutani na tundu litokee upande wa pili, koridoni. Nguzo na linta zisiguswe kabisa. Bomba linapolazimika kupita kwenye linta, tundu lake liachwe kabla ya kumwaga zege, na mhandisi au fundi mkuu aridhie.

Jambo moja linalosahaulika: ziba kila mdomo wa bomba kwa mfuko na tepu ya karatasi siku hiyohiyo unapoufunga, ukiwemo ule wa nje. Nyigu wa udongo hawachelewi. Wakipata tundu tupu la inchi 2 wanajenga humo, na tope lao likikauka linakuwa gumu kama saruji.

Hatua ya tano: nyaya

Kandokando ya kila bomba hupita waya mdogo wa nyuzi mbili unaotoka tundu hadi kwenye mashine. Huo hubeba umeme mdogo, kwa kawaida volti 24, na kazi yake ni kuiwasha na kuizima mashine unapobonyeza swichi kwenye mpini wa mpira. Ufunge kwenye bomba kwa tepu kila baada ya hatua moja, usiuingize kwenye bomba moja na nyaya za umeme mkubwa.

Mashine nayo ipewe laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, yenye breka yake na ethi ya uhakika, na hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha mashine: volti 220 hadi 240. Mashine za soko la Marekani ni za volti 120, na hapa zitaungua siku ya kwanza. Weka pia kilinda umeme, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mota ndiyo inayoumia.

Kuhusu matumizi, hofu ya watu ni kubwa kuliko ukweli. Mashine ya wati 1,600 ikifanya kazi nusu saa inakula uniti 0.8. Ila usitegemee kuiendesha kwa inveta ndogo ya sola.

Hatua ya sita: kuchagua mashine inayofaa vumbi letu

Nguvu ya mashine hizi hupimwa kwa wati za hewa, yaani nguvu ya kufyonza yenyewe, ambazo ni tofauti na wati za umeme. Kwa nyumba ya kawaida ya familia, wati za hewa 500 hadi 600 zinatosha. Kwa Dodoma chagua iliyo juu kidogo ya ile ambayo kitabu kinapendekeza. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, na feni inayovuta hewa nyepesi inavuta kwa nguvu pungufu.

Uliza mota inapozwa na nini. Kuna mota zinazopozwa na hewa ileile iliyofyonzwa, na kuna zinazopozwa na hewa ya pembeni, yenye feni yake. Kwa vumbi jembamba kama letu, chukua ya pili. Hata chujio likipitisha chembe kidogo, hazipiti katikati ya mota. Uliza pia kama inakubali mfuko na vilevile kufanya kazi bila mfuko. Mfuko unalinda chujio na kukuepusha kuvuta vumbi unapomwaga, lakini mifuko ikiisha na mingine haijafika, kazi isisimame. Na kama brashi za kaboni za mota, vipande vidogo vinavyochakaa kwa kusuguana, zinabadilishwa, muombe muuzaji akupe jozi ya akiba.

Hatua ya saba: jaribu kabla ya plasta

Usimwite fundi plasta kabla ya jaribio hili. Ziba matundu yote, unganisha mashine, au kama haijafika, azima mashine ya kuburuta na uifunge kwenye mwisho wa bomba kuu kwa kitambaa na tepu. Iwashe. Washa udi, zunguka nao taratibu kwenye kila kiungio. Moshi ukipanda wima, kiungio ni kizima. Ukipinda na kuingia, pana upenyo. Kata kipande hicho na urudie. Ukimaliza, fungua tundu la mbali zaidi na uweke kipande cha karatasi laini mdomoni. Kiondoke kwa kasi.

Baada ya kuhamia

Kosa ambalo wengi hulifanya wiki ya kwanza ni kusafishia nyumba mpya kwa mfumo huu. Vumbi la saruji, la jipsamu na la marumaru zilizokatwa ni jembamba mno, linaziba chujio na kula mota. Hilo lifagie kwa maji, liondoke lote, ndipo uwashe mashine. Usifyonze maji, wala jivu la jiko la mkaa hata kama linaonekana limepoa, kwa sababu kaa moja hai linatosha kuwasha moto ndani ya ndoo ya vumbi.

Vitabu vya mashine vinasema umwage ndoo kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Hayo yameandikwa kwa nchi zisizo na Agosti ya Dodoma. Kiangazi ifungue kila mwezi, masika inaweza kungoja. Imwagie kwenye shimo lenye unyevu au mfuko unaofungwa, ukiwa umeziba pua kwa barakoa.

Siku mashine ikipungua nguvu, usianze kuita fundi. Jaribu kila tundu bila mpira. Kama yote yamelegea, tatizo liko kwenye ndoo au chujio. Kama yote yana nguvu, kuna kitu kimenasa ndani ya mpira. Utandaze mpira uani, dondosha kigololi ndani yake na uinue upande mmoja ufuatilie kinaposimama. Kama ni tundu moja tu lililolegea, kizibo kiko kwenye tawi lake. Mashine ikiwa inawaka, ziba tundu hilo kwa kiganja kisha uachie ghafla, mara kadhaa. Isipokubali, zima mfumo, chukua mashine ya kuburuta na ufyonze kutoka kwenye tundu hilo kurudi nyuma. Mara nyingi kinachotoka ni soksi ya mtoto.